Nchi Jirani: Mnavu wa Nairobi Mbele ya Sheria

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba, mwaka 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo katika habari za siku zile ilipita upesi, lakini ambayo yafaa itazamwe kwa makini na kila mtu ambaye kazi yake ni kusimamia sheria. Wakulima wadogo walikuwa wamekwenda mahakamani tangu mwaka 2022 kupinga baadhi ya vifungu vya sheria ya mbegu ya nchi hiyo. Vifungu hivyo vilimhesabu kuwa mhalifu mkulima aliyebadilishana mbegu na jirani yake, au aliyemwuzia, ikiwa mbegu yenyewe haikusajiliwa wala kuthibitishwa. Adhabu iliyowekwa ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya hadi shilingi milioni moja za Kenya. Mahakama ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa mtazamo wa haraka, shauri hilo lilikuwa la watu wa mashambani. Kwa kweli liliwahusu pia wakazi wa mjini, na pengine liliwahusu zaidi. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hununua mbegu yake dukani, katika mfuko wenye jina la kampuni. Lakini mama anayeishi katika mtaa wa Nairobi, mwenye kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka nyuma ya chumba chake, hapandi mahindi. Hupanda mnavu, mchicha, mgagani na mlenda. Mbegu za mboga hizo, kwa sehemu kubwa, hazitoki katika duka lolote. Hutoka katika kitambaa kilichofungwa fundo, alichopewa na dada yake aliyekuja kutoka Kisii au Siaya, na nusu yake huenda kwa jirani wa mlango wa pili. Kwa sheria ile, fundo hilo lingeweza kuwa kielelezo mahakamani.

Ili kuifahamu hukumu hiyo, hapana budi kwanza kuzifahamu mboga zenyewe. Msikilizaji wa Tanzania anazijua vizuri, ingawa majina ya Nairobi yanaweza kumpotosha. Kinachoitwa managu katika masoko ya Nairobi ndicho mnavu. Terere ni mchicha. Saga, au saget kama wasemavyo Wakalenjin, ni mgagani. Mrenda ni mlenda. Majani ya kunde hubaki kuwa kunde pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Nyingi za mboga hizi ni mimea ya Afrika kwa asili, na watu wa bara hili walizila muda mrefu kabla ya kabichi ya kwanza kuteremshwa Mombasa. Mchicha peke yake wahitaji maelezo kidogo, maana baadhi ya aina zake zilitoka Amerika. Lakini zimekaa hapa kwa muda mrefu, zimeota zenyewe kando ya njia na kwenye majalala, hata hakuna anayeziuliza hati ya kusafiria.

Jina la pamoja ambalo wageni walizipa mboga hizi ni magugu. Kilimo kilichoendeshwa na serikali ya kikoloni kilikuwa kilimo cha mazao ya kuuza nje, na bustani iliyotukuzwa ilikuwa bustani ya kabichi, karoti na letasi kwa ajili ya meza ya mzungu. Mnavu ulipatwa na balaa zaidi ya wenzake, kwa sababu huko Ulaya jamaa yake wa karibu huchanganywa mara kwa mara na mmea mwingine wenye sumu kali. Kwa hiyo mboga iliyokuwa ikiwalisha watu wa Nyanza na nyanda za juu ilitazamwa kwa hofu na watu ambao hawajapata kuionja. Baada ya Uhuru kasumba hiyo haikuondoka pamoja na gavana. Kijana aliyesoma aliona haya kumkaribisha mgeni kwa mgagani. Chakula cha heshima kilikuwa kabichi, na chakula cha mnyonge mjini kikawa sukuma wiki, ambayo jina lake laeleza kazi yake, yaani kulisukuma juma mpaka mshahara ufike. Sukuma wiki nayo ni jamaa ya kabichi, asili yake ni pwani za Ulaya na bahari ya Mediterania. Si mboga mbaya. Kosa ni kudhani kwamba ndiyo mboga peke yake.

Waliolibadili jambo hili hawakuwa wengi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakishirikiana na shirika la kimataifa la hifadhi ya mbegu na mimea, walianza kuandika majina ya mboga hizi, mahali zinapoliwa na namna zinavyopikwa. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja nje ya Nairobi, Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizichukua mboga ambazo mitaala ya kilimo ilikuwa ikizihesabu kuwa magugu, akazifanya somo la maisha yake ya kazi. Alipima viini vya lishe vilivyomo, akachunguza namna mbegu zinavyoota, na akawafundisha wakulima kuzitunza. Ikaonekana kwamba majani yaliyodharauliwa yana madini ya chuma, chokaa na vitamini A kwa wingi, na kwamba kwa viini kadhaa yanaipita kabichi kwa mbali. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Katika kazi hiyo majina ya mimea ya asili ipatayo 850 yaliandikwa, kila mmoja kwa lugha ya wenyewe.

Soko lilifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maduka makubwa ya Nairobi, ambayo kabla ya hapo yasingethubutu kuweka managu karibu na letasi, yalianza kuyapanga majani hayo katika vifungu nadhifu. Mtu mwenye gari alisimama kununua kile ambacho babu yake alikichuma bure nyuma ya nyumba. Bei ilipopanda, mnyonge wa mjini alijikuta akishindwa kununua mboga ambayo jana ilikuwa alama ya unyonge. Njia iliyobaki kwake ilikuwa kuipanda mwenyewe.

Lakini kupanda mjini nako kulikuwa na sheria yake. Nairobi ulizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, na katika enzi ya ukoloni ulipangwa kuwa mji ambao Mwafrika anauingia kufanya kazi, si kuishi na jamaa yake, sembuse kulima. Sheria ndogo za halmashauri ziliwapa watumishi wake uwezo wa kufyeka mimea iliyopandwa bila kibali katika ardhi ya umma, na watu wa umri mkubwa wanayakumbuka mapanga ya askari wa jiji yakipita juu ya mahindi yaliyokaribia kukomaa. Hata hivyo watu walilima. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1985 na Taasisi ya Mazingira ya Nairobi katika miji sita ya Kenya ulionyesha kwamba asilimia 29 ya jamaa za mjini zilikuwa zikilima chakula humo humo mjini. Sheria inayovunjwa na karibu theluthi moja ya raia watulivu, kwa ajili ya mboga ya watoto wao, ni sheria inayomsumbua askari kuliko inavyomsaidia. Ilichukua miaka thelathini kwa jambo hilo kukubaliwa kwa maandishi: mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na hapo mkulima wa jiji akaacha kuwa mwizi wa ardhi akawa mtu anayepaswa kuelekezwa.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo ambalo watu wa vikosi hawana budi kulikumbuka. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, mwaka 2007, ulifuatwa na ghasia zilizoua watu zaidi ya elfu moja. Mwezi wa Januari, mwaka 2008, reli ipitayo katikati ya Kibera iling'olewa, barabara zikazibwa, malori ya chakula kutoka Bonde la Ufa yakasimama, na masoko yakachomwa. Mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu ukajikuta hauna mboga, na kidogo kilichopatikana kilikuwa na bei isiyosemeka. Afisa yeyote aliyesoma habari za kuzingirwa kwa miji anaielewa hali hiyo: mji usio na chakula chake wenyewe hutekwa na mtu yeyote awezaye kuweka gogo barabarani.

Ni katika mwaka huo ambapo bustani za magunia zilienea Kibera, zikisaidiwa na shirika la misaada la Ufaransa lililogawa miche na kufundisha namna ya kuzitengeneza. Ufundi wake ni rahisi. Gunia husimamishwa, na chini yake katikati huwekwa kopo kubwa lililotolewa vitako vyote viwili. Ndani ya kopo hujazwa kokoto, na pembeni yake hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha kopo huvutwa juu kidogo, hujazwa kokoto tena, na udongo huongezwa. Hivyo hivyo mpaka gunia lijae na kopo liondolewe. Kinachobaki ni nguzo ya mawe katikati ya udongo, na maji yanayomwagwa juu hushuka kupitia nguzo hiyo yakaifikia mizizi ya chini kama ya juu. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche. Mahali pa gunia moja ni padogo kuliko mahali pa kiti, na gunia hilo hubeba zaidi ya miche ishirini.

Ni kweli kwamba magunia mengi ya mwanzo yalijazwa sukuma wiki. Ilikuwa ndiyo miche iliyopatikana kwa wingi, na mtu mwenye njaa hachagui asili ya mmea. Mboga za asili ziliingia baadaye, kwa sababu zinazoeleweka na kila mtu aishiye katika chumba kimoja. Mchicha huanza kuliwa baada ya majuma matatu au manne. Mchicha na mgagani huivumilia jua kali, maana hutengeneza chakula chao kwa njia ile ile inayotumiwa na mahindi na mtama, njia inayobana matumizi ya maji. Kunde huongeza rutuba ya udongo badala ya kuimaliza, kwa kuwa mizizi yake inao uwezo wa kuvuta naitrojeni ya hewani. Na mnavu ukichumwa vizuri huchipua tena na tena kwa miezi kadhaa.

Jambo hili linamgusa askari kwa namna ya pekee. Askari anayeishi katika kota za polisi au katika nyumba za kambi ana kiwanja kidogo ambacho si mali yake, na uhamisho unaweza kumfikia kwa simu ya maneno kumi. Mwembe atakaoupanda utaliwa na mwingine. Mboga za asili zinamfaa mtu wa namna hiyo, kwa sababu hulipa kabla ya uhamisho, na mbegu zake zinaingia katika mfuko wa shati kwenda kituo kipya.

Kwa hiyo yafaa kueleza kidogo namna zinavyotunzwa katika nafasi ndogo. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ikisiwa peke yake huanguka mahali pamoja, basi huchanganywa kwanza na mchanga mkavu au majivu ili ienee. Hufunikwa kwa udongo mwembamba tu, na ikizikwa chini haioti. Mnavu husiwa katika kitalu kidogo, hata katika debe lililotobolewa, na miche huatikwa ikiwa na majani manne hadi sita. Mmea ukishashika, ncha yake hukatwa ili utoe matawi, na tangu hapo kinachochumwa ni machipukizi ya pembeni. Mgagani una tabia ya kukimbilia kutoa maua ukipata taabu ya maji. Maua yakitokea, majani hudumaa. Mwenye bustani mwangalifu huyakonyoa kila anapopita, na hivyo huurefusha uhai wa mmea. Mlenda una gamba gumu la mbegu. Wanawake wa Magharibi ya Kenya huifunga mbegu hiyo katika kitambaa na kuichovya katika maji ya moto kwa muda mfupi tu, kisha wakaipoza na kuisia. Asiyejua siri hiyo hungoja majuma mawili na kulaumu udongo.

Mapishi yana siri zake pia, na bila hizo mboga hizi hazimvuti mtu aliyezoea kabichi. Uchungu wa mnavu na mgagani hupunguzwa kwa kuchemsha, na katika sehemu nyingi za Kenya huongezwa maziwa au malai, kisha chungu kikalala mpaka kesho yake. Mnavu huchanganywa na mchicha ili mmoja uutulize mwenzake. Mlenda hupikwa pamoja na majani ya kunde. Kinacholiwa katika mnavu ni majani na machipukizi machanga. Matunda yake mabichi, ya kijani, hayaliwi, na watoto hawana budi kukatazwa kuyachezea.

Katika sifa zote hizi kuna hatari moja ambayo haifai kufichwa. Mboga ya majani hunywa kile inachonyweshwa. Mito ya Nairobi imebeba kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda na ya vyoo, na kando ya mito hiyo, kama kando ya barabara zenye magari mengi, kuna bustani zinazopendeza macho ambazo majani yake yana risasi na madini mengine mazito. Kumwosha mchicha wa namna hiyo hakusaidii, kwa sababu uchafu umo ndani ya jani. Gunia la udongo safi uani, likinyweshwa maji ya mvua au maji ya kuoshea mchele, ni salama kuliko shamba zuri la kando ya mfereji. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilipotangaza mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, jambo la maji lilistahili kupewa uzito sawa na jambo la mbegu.

Na mbegu ndiyo kiini cha shauri. Mtu anayetaka mnavu wa msimu ujao huiacha miche miwili au mitatu iliyo mizuri kuliko yote bila kuichuma. Matunda yakiiva na kuwa meusi au ya rangi ya chungwa, kwa kadiri ya aina, huyaponda, huziosha mbegu, na huzianika kivulini juu ya karatasi. Kazi hiyo haihitaji kiwanda. Lakini ndani yake mna uchaguzi: mama yule anayeacha miche miwili kati ya ishirini ameamua ni mnavu wa namna gani utakaoendelea kuwapo duniani. Mmoja anapenda jani pana, mwingine anapenda uchungu, wa tatu anapenda mmea usioogopa baridi ya Julai ya Nairobi. Mbegu zikipita mkono kwa mkono, uchaguzi wa wote hao huchanganyika. Zikikatazwa kupita, kila aina hufa na mwenyewe.

Sheria ya mbegu ya Kenya ni ya zamani. Ilitungwa mwaka 1972, na ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2012. Haki inadai isemwe kwamba haikutungwa kwa ubaya. Nchi yenye wakulima wengi ina wajibu wa kuwalinda na matapeli wanaopaka rangi mahindi ya kusaga na kuyauza kama mbegu bora, na mkulima aliyepoteza msimu mzima kwa sababu ya mbegu ya uongo anastahili kuiona serikali ikimkamata aliyemdanganya. Kosa la sheria lilikuwa kutotofautisha. Ilimweka katika kapu moja tapeli mwenye ghala na mama mwenye fundo la kitambaa, na iliwapa wakaguzi uwezo wa kuingia katika hifadhi za mbegu za vijiji na kuzichukua. Usajili wenyewe unadai mbegu ifanane, iwe ya namna moja tangu punje ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini fadhila ya mbegu ya asili ni kutofanana. Katika gunia moja la mnavu wa kienyeji, baadhi ya miche itaugua na mingine itasimama. Sifa hiyo, mbele ya mkaguzi, ilikuwa ndiyo dosari.

Tena sheria hiyo ilipingana na neno lililo juu yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea ya asili, sifa zake mbalimbali, na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Miaka miwili tu baada ya Katiba hiyo kupitishwa, mabadiliko ya sheria ya mbegu yalielekea upande mwingine. Wakulima waliokwenda mahakamani hawakuwa wakiomba fadhila. Walikuwa wakiliomba taifa lisome maandishi yake lenyewe.

Kwa askari polisi jambo hili si la nadharia. Kila sheria, hata ile iliyotungwa katika ofisi yenye zulia, mwisho wake humfikia konstebo aliyesimama mlangoni mwa mtu. Konstebo huyo hutumwa kukamata, naye hana uwezo wa kuuliza kama mwenye kukamatwa ni tapeli au ni shangazi ya mtu. Aghalabu katika kota yake mwenyewe mnaota mnavu uliotokana na mbegu ya namna hiyo hiyo.

Tanzania haiko mbali na mambo haya. Sheria yake ya mbegu ni ya mwaka 2003, na ndani ya utaratibu wake kuna mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo wakulima wadogo waliofunzwa huzizalisha na kuziuza katika eneo lao kwa ukaguzi mwepesi kuliko ule wa makampuni. Ni njia ya katikati, ingawa nayo haimtaji mtu anayempa jirani yake kiganja cha mbegu. Aidha, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga huko Tengeru, karibu na Arusha, ambako aina za mnavu, mchicha, mgagani na nyanya chungu zimekusanywa, zikalinganishwa na kuboreshwa, na mbegu zilizotoka hapo zimefika mashamba ya Kenya na nchi nyingine za Afrika. Kwa upande wake Kenya inayo hifadhi ya taifa ya mbegu huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Mbegu hulala humo katika baridi kali, kila moja katika pakiti yenye namba. Ni akiba ya lazima. Lakini mbegu iliyo katika jokofu haijifunzi ukame mpya wala mdudu mpya. Yajifunza ikiwa udongoni.

Kuna mzaha fulani katika historia ya bustani za Afrika ya Mashariki. Mjakaranda unaoupamba mji wa Nairobi kwa maua ya zambarau ulitoka Amerika ya Kusini, na ndiyo fahari ya wakazi wake. Wakati huo huo, ua dogo la rangi ya urujuani lililookotwa katika milima ya Usambara mwishoni mwa karne ya 19, siku za Wajerumani, limekaa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na watu wa Tanga wengi hawajapata kuliona. Majani ya ukoka wa nyanda za juu za Kenya, yaitwayo huko ng'ambo kwa jina la Wakikuyu, yamefanya viwanja vya michezo na malisho katika Australia. Wageni hawakuona haya kuvichukua vya hapa na kuviita vyao. Aliyeona haya ni mwenyewe.

Hukumu ya Novemba haikuongeza mche hata mmoja katika Kibera au Mathare, wala haikusafisha maji ya mto wowote. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyekuwa akificha alichokuwa akifanya tangu zamani hana tena sababu ya kuficha. Mgagani, kwa bahati, una kalenda yake. Mbegu yake ikivunwa leo haioti kesho. Hulala kwa miezi mitatu au zaidi, na mtu anayeisia mapema hupata tuta tupu. Mbegu zilizoanikwa juu ya magazeti katika nyua za Nairobi mwezi ule wa hukumu zilikuwa bado zimelala hadi mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokaribia.